Nani Atangulie Mbele ya Mkamburi?

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mwalimu katika kijiji cha Mlondo, juu milimani. Jina lake Mkamburi. Alifundisha miaka ishirini na sita, akafundisha watoto, akafundisha na watoto wa watoto hao, hadi siku moja barua ikaja: ameteuliwa kuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Chuo chenyewe ni kilekile kilichomsomesha bure, kwa ufadhili, alipokuwa msichana asiye na mbele wala nyuma. Kijiji kizima kilipiga vigelegele.

Basi watu wa Mlondo wana desturi yao. Anayekwenda kushika kazi kubwa husindikizwa kwa ngoma mpaka barabarani, na mbele ya msafara hutembea mtu mmoja amebeba kengele. Huyo ndiye aliyemfungulia njia. Tangu siku hiyo huitwa mzazi wa kazi ile, na katika kila harusi ya nyumba ya msindikizwa jina lake hutajwa kabla ya majina mengine. Ni mmoja. Hawawi wawili, hawawi watatu.

Asubuhi ya safari Mkamburi alitoka nje, gauni jipya mwilini, kengele mkononi. Akakuta mikono mitatu imenyooshwa.

Aliyetangulia kusema ni Wakio, fundi cherehani, rafiki yake tangu shuleni.

"Nipe kengele, dada. Ufadhili ulikuwa nafasi moja kwa shule nzima. Katika mtihani nani alikuwa wa kwanza?"

"Wewe," Mkamburi akajibu.

"Na wa pili?"

"Mimi."

"Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia mimi siendi, mpeni Mkamburi. Nisingesema hivyo, leo ungekuwa unashona, na wewe hata kifungo kinakushinda!"

Watu wakacheka. Mzee Mghanga, aliyekuwa tarishi wa posta, akadakia: "Sema yote, Wakio. Ulikuwa umechumbiwa, chuo hukuwa na habari nacho!"

"Nilichumbiwa, ndiyo. Lakini mchumba wangu alikuwa radhi kuningoja miaka miwili nisome. Nilitaka kuolewa, na nilitaka rafiki yangu apate. Yote mawili ni kweli."

Hilo la mchumba kuwa radhi kungoja, Mkamburi hakuwahi kulisikia. Machozi yakamlengalenga, akataka kumpa Wakio kengele palepale.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Mzee Mghanga akasema. "Nafasi bila barua ni nini? Barua ya kukuita chuoni niliileta mimi. Mvua ilikuwa imebomoa daraja. Nikakuvusha mto mgongoni, nikakupakia kwenye baiskeli ya posta, tukafika karani anafunga daftari la majina."

"Na kwa nini tulichelewa, mzee?" Mkamburi akauliza, akijizuia kucheka.

Mzee akakohoa. "Harusi ya mpwa wangu."

"Alicheza ngoma siku nne, barua iko mfukoni mwa koti!" Wakio akapaza sauti.

"Nilisahau, nakiri. Lakini nilipokumbuka sikungoja hata wali. Na goti hili lilitegukia mtoni nimembeba yeye. Mpaka leo mvua ikikaribia, goti linaniambia kabla ya redio."

Hapo Bibi Mshai, mkongwe kutoka kijiji cha jirani, akawasukuma wote kando. "Nyinyi mlimfikisha chuoni. Aliyembakisha ni nani?"

Ni kweli. Mwaka wa pili Mkamburi alipelekwa kufanya mazoezi katika darasa la ngumbaru, watu wazima waliokuwa hawajui kusoma. Siku ya kwanza alitetemeka hadi chaki ikamkatikia mkononi mara tatu, wanafunzi wakaangua kicheko. Kesho yake akafunga sanduku, akashika njia ya kwao. Bibi Mshai, mmoja wa wanafunzi hao, akamkuta njiani, akalikalia lile sanduku.

"Nilikwambia nini, mwalimu?"

"Ulisema, 'Nimeacha ng'ombe hajakamuliwa nije nijifunze jina langu. Jana umenifundisha M. Ukiondoka, nitaitwa M mpaka nife?'"

"Ukarudi. Nikaandika Mshai, lote, mpaka mwisho."

"Lakini bibi," Mzee Mghanga akauliza, "siku ile ya chaki, nani alianza kucheka?"

"Mimi," Bibi Mshai akajibu bila haya. "Si ilikuwa inachekesha?"

Mkamburi alicheka hadi akashika mbavu. Miaka yote alidhani ni bahati tu iliyomfikisha, kumbe ni watu hawa. Furaha ilimjaa, na hofu pia, kwa maana wawili kati ya hawa watatu wangetembea nyuma leo, na harusini majina yao yasitangulie kamwe. Akajaribu: "Jamani, si waibebe wote?" Mkuu wa ngoma akatikisa kichwa. Desturi ni desturi.

Jua likapanda. Wapiga ngoma wakainua mikono, wakangoja.

Mimi nimefika hapo na sisogei. Semeni nyinyi mnaokodoa macho. Yuko Wakio, aliyemwachia nafasi huku moyo wake uko kwenye harusi. Yuko Mzee Mghanga, aliyeichelewesha barua kisha akategua goti kumwahisha chuoni. Yuko Bibi Mshai, aliyemfukuza kwa kicheko na kumrudisha kwa herufi moja. Mwalimu ana kengele moja mkononi, na ngoma zinamngoja. Je, nani alistahili kutangulia?