Neno Alilolificha Karani Krisanto

Inasimuliwa, na anayebisha na alete yake, kwamba katika zama za mateso alikuwako mtumishi wa Mungu aitwaye Theodulo, mzee wa kanisa, aliyefungwa mnyororo mmoja na askari wa kumlinda. Na askari huyo akikoroma, kuta zilitoa vumbi. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, hivyo barua zake aliziandika Krisanto, karani mwenye hati nzuri kupita makarani wote wa mji ule, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe.

Siku moja mzee alitaka kuwaandikia waumini wa mji wa mbali. Desturi ya enzi zile, barua hutanguliza jina la mwenyewe na cheo chake. Mzee akasema, "Andika: Theodulo, mfungwa."

Kalamu ikasita. Mfungwa! Nani ataipokea kwa heshima barua ya mtu wa pingu? Kimyakimya Krisanto akaandika, "Theodulo, mwana wa diwani," akajiambia kwamba amemsitiri mzee wake.

Barua ilipokwisha, akaingia Melania, mjane kutoka mji huo wa mbali, aliyekuja kuichukua. Hakujua kusoma.

"Mwanangu, nisomee mwanzo wake niushike."

"Wa nini, mama? Si itasomwa hukohuko?"

"Kijana wangu Kwarto yuko kifungoni kwa ajili ya imani. Waumini wenzetu wanaukwepa mlango wangu kama nina ukoma. Nimetembea siku tisa, nimpate mfungwa wa kuwaambia kwamba kifungo hiki si aibu."

Askari, aliyekwisha kuamka, akacheka. "Heshima ya mnyororo ungeniuliza mimi, mama. Nimeshika ncha ya pili na sijaiona!"

Krisanto angeweza kutamka "mfungwa", na mjane asingejua. Badala yake akapiga magoti. "Baba, nimekuibia neno. Nililionea haya."

"Ulinionea haya mimi?"

"Hapana, Baba. Niliogopa kujulikana kuwa karani wa mfungwa."

"Basi andika upya. Na mwishoni, karani anapotia salamu zake, weka jina lako."

Akaandika palepale sakafuni, magoti bado chini, hati ikawa kama kuku amepekua. Lakini ndiyo iliyosomwa kanisani kule, na kesho yake waumini walipanga foleni gerezani, kila mmoja na mkate wa Kwarto.

Ndugu zangu, uchi wa mwenzako usitiri kwa nguo. Mnyororo wake wa haki uache uonekane.