Uyoga Chini ya Mchicha wa Kifalme

Hapo zamani, katika mji uliozungukwa na ukuta wa mawe, alitawala Sultani Badrani, mtu mkali wa sheria kwa watu wengine. Alipiga marufuku bangi, na aliyekutwa na mche mmoja alifungwa na kunyang'anywa nyumba. Lakini nyuma ya jumba lake palikuwa na bustani ya mibangi iliyompita mtu kimo, naye akiiita mchicha wa kifalme. Mtunza bustani alikuwa maskini mmoja, jina lake Vuai, ambaye watu walimdhani punguani kwa kuwa kila aliloambiwa alilitenda vile vile lilivyosemwa.

Ikawa siku moja askari wakaona mche wa bangi nyuma ya jiko la Bi Mize, mjane muuza vitumbua, jirani yake Vuai. Akaburutwa hadi barazani.

"Seyyid yangu," akalia, "sikuupanda. Umeota wenyewe."

"Katika nchi yangu hakioti kitu pasipo mpandaji," Sultani akamkemea. "Mwenye udongo ndiye mpandaji!"

Basi Bi Mize akatiwa gerezani, na Vuai akashinda na njaa na huzuni, maana mama yule ndiye aliyemlisha kila asubuhi bila ya kumwuliza neno.

Mvua zikanyesha, samadi ikapata joto, na uyoga mweupe ukachomoza chini ya mibangi ya Sultani, shina kwa shina. Sultani alipouona akaingiwa na hofu kuwa adui amemwoteshea sumu. Akamwita Vuai.

"Nani kaupanda uyoga huu?"

"Seyyid yangu, umeota wenyewe."

"Mpumbavu wee! Ijumaa uniletee barazani uyoga huo kama ulivyo, usivunjike hata mmoja wala udongo wake usitikisike, pamoja na huyo aliyeupanda. Ukishindwa, kichwa chako halali yangu."

Vuai akapiga magoti pale bustanini. Akafukua kidogo kwa kidole, akaona nyuzi nyeupe za uyoga zimejisokota katika mizizi ya mibangi, hata haiwezekani kuvitenga. Ndipo akatabasamu, mara ya kwanza tangu Bi Mize afungwe.

Ijumaa baraza likajaa: kadhi, mawaziri, na wageni wa miji ya jirani. Vuai akaingia na wapagazi wanne wamebeba machela, na juu yake bonge la udongo, uyoga umesimama wima, na katikati mbangi mkubwa unapunga majani. Harufu ikaenea. Mawaziri wakatazama dari.

"Ewe mwendawazimu!" Sultani akafoka. "Nani kakwambia ulete na hilo?"

"Seyyid yangu, ulisema udongo usitikisike. Mchicha wa kifalme umeshikana nao mizizi."

Kadhi akavuta pumzi, akasema, "Mchicha huu naujua."

"Na mpandaji yuko wapi?" Sultani akauliza upesi.

"Ulihukumu mwenyewe, bwana wangu, kwamba mwenye udongo ndiye mpandaji. Nimemkuta amekwisha kuketi, sikuwa na haja ya kumleta. Ila ikiwa vitu huota vyenyewe, basi mpandaji hayupo, na Bi Mize amefungwa kwa kosa la mvua."

Sultani akaangalia nguzo za jumba lake, mazulia na taa zake, akaona ni mengi mno kunyang'anywa. Kisha akaangua kicheko, jasho likimtiririka.

"Vimeota vyenyewe!" akasema. "Kila kitu huota chenyewe!"

"Naam, vyenyewe," wakaitikia mawaziri.

Bi Mize akafunguliwa saa ile ile, pamoja na wote waliofungwa kwa kosa lile, wakarudishiwa nyumba zao, na Vuai akapewa kanzu mpya na shamba lake mwenyewe.

Kadhi akashikilia kuwa mibangi yote ichomwe hadharani. Ikachomwa, na mawaziri wote wakahudhuria. Wakajipanga upande ule unakoelekea moshi, na hata jua lilipokuchwa hakuna aliyekubali kuondoka.