Magunia Sitini ya Ilembeka

Hapo zamani, lami ikiwa bado haijafika Ilembeka, mlima mzima uliishi kwa barabara moja ya udongo na daraja moja la magogo. Viazi vilishuka, chumvi ikapanda. Viazi vilishuka, dawa zikapanda. Daraja likipona, mlima umepona.

Kwa hiyo watu walikutana, wakanyoosha mikono, wakapitisha sheria mbili. Ya kwanza: lori lisivuke na magunia zaidi ya sitini. Ya pili: atakayevunja daraja, viazi vyake vitashuka mwisho, baada ya vya kila nyumba.

Mizani hawakuwa nayo. Walihesabu magunia.

Basi, mwaka mmoja mvua iliwahi, na viazi vilikwisha kuchimbwa. Kiazi kilicholoa hakingoji mtu. Atupele, mjane mwenye watoto wanne, alijaza magunia sitini. Aliyajaza lumbesa: gunia likijaa, akaliongezea kilemba cha wavu, akakishona kwa kamba, mpaka gunia likawa gunia na nusu. Ambakisye, dereva, akapakia. Lori likaenda linalalia upande, Atupele akiwa ndani, hadi kwenye kizuizi cha Tusajigwe, mlinzi wa daraja.

Tusajigwe alilizunguka lori. "Dada Atupele, haya ni magunia au ni wajawazito?"

"Hesabu, kaka. Umewekwa hapo uhesabu."

Akahesabu. Sitini. Akatazama wingu. Akainua mti wa kizuizi.

Katikati ya mto gogo moja lililia, la pili likalijibu, daraja likavunjika. Watu walitoka wazima. Viazi vilikwenda na maji.

Na wingu halikusogea.

Vijana walilaza magogo ya muda, yanayobeba lori moja dogo kwa siku. Nyumba zilikuwa kumi na nne, kila moja na viazi vyake vya kushusha, hata ya dereva na ya mlinzi. Siku kumi na nne, basi. Na nyumba ya mwisho ingeshusha uvundo mtupu. Mlima wote ukakusanyika kutafuta jina la mwisho.

Atupele akasema: "Sheria ilisema sitini, nikashona sitini. Mnunuzi wa mjini hagusi gunia lisilo na kilemba. Huliacha na kwenda kwa jirani. Asiyeshona lumbesa hapa asimame."

Hakusimama mtu.

"Nusu ya mavuno yangu imekwenda na mto. Hiyo nusu nyingine ndiyo chakula cha wanangu mpaka mwakani."

Ambakisye akasema: "Usukani uliniambia mzigo umezidi. Siwafichi, uliniambia. Lakini mwaka jana nilikataa mzigo, mkaniita Bibi Harusi, kwamba naogopa kuchafuka. Ningeshusha magunia kumi pale njiani, mvua ingeyala. Mngeniitaje safari hii?"

Wachache walicheka. Na wingu halikusogea.

Tusajigwe akasema: "Msimu uliopita nilirudisha lori la lumbesa. Mkaniuliza hapa hapa, nani amekupa macho ya mizani? Wewe hesabu. Basi nimehesabu."

"Ulijua litavunjika," mama mmoja akamwambia.

"Niliogopa, shemeji. Kujua ni kitu kingine."

Hapo akainuka Gwamaka, katibu aliyeiandika sheria. Akaikunjua karatasi yake. "Mizani ilikuwemo humu. Niliifuta mimi kabla ya kuwasomea. Nilijua ikija, lumbesa zitakwisha, na wanunuzi watahamia mlima wa pili, ambako hakuna anayewauliza. Nililinda soko, nikasahau daraja. Lakini niliwasomea, neno kwa neno. Mkanyoosha mikono."

"Tulinyoosha kwa ulichosoma," Atupele akasema, "si kwa ulichofuta."

Kwenye ua wa mtu, viazi vilikuwa vimeanza kunuka. Dereva wa lori dogo aliwasha injini akapiga honi, maana siku ya kwanza ilikuwa inapita.

Majina kumi yakaandikwa bila ubishi. Yakabaki manne: aliyeshona, aliyeendesha, aliyefungua, na aliyefuta. Watatu kati yao wataokoa viazi vyao. Mmoja atavifukia.

Je, nyinyi mnaosikiliza, mkipewa kalamu sasa hivi, jina la nani mtaliandika mwisho?