Mwimbaji Aliyejiitikia Mwenyewe

Wa kusinzia asinzie, wa kusikiliza asogee.

Zamani, mababu zetu walipokaa katika mji unaoelea angani, mlinzi wao alikuwa ngoma. Mwimbaji akianza wimbo kisha akanyamaza, wafu na wasiozaliwa waliitikia kwa pamoja, na zimwi likakimbia likidhani ni jeshi.

Mwimbaji mmoja, Shekuwe, alikuwa limbukeni wa sifa. Zimwi lilipotua, mkewe Mwanakheri alimwambia, "Baba Rehani, ukishaimba, nyamaza tuitikiwe."

"Nigawane makofi na maiti?"

Akaimba, akajiitikia. Zimwi likasogea. Akaimba, akajiitikia. Zimwi likapanda jukwaani. Akaimba, na kabla hajajiitikia, zimwi likasema, "Kumbe uko peke yako!" Likammeza pamoja na kanzu yake inayowaka taa.

Mwanakheri akaishika ngoma, akaimba ubeti mmoja, akanyamaza. Wafu wakaitikia. Kisha kikavuma kicheko kikubwa cha wasiozaliwa, zimwi likatoka mbio, Shekuwe tumboni bado anajisifu.

Wasiozaliwa wale ni ninyi, wajukuu zangu. Haya, chekeni kwa nguvu! Zimwi bado lina njaa, na yule mpumbavu anasikia.