Chumba cha Kona na Paa Lililogeuka Bwawa

Hapo zamani, wala si zamani ya mabibi zetu, ni zamani ya masika ya mwaka juzi, watu wa Korogwe walikuwa wameshikwa siku nyingi na mtindo wa kuficha mapaa. Mtu anajenga ghorofa, anaezeka bati lenye mteremko kidogo tu, kisha anazungusha ukuta juu yake ili bati lisionekane, kama mwenye upara anavyoficha kichwa kwa kofia. Ukiwa chini unaona jengo la kisasa. Ukipanda juu unakuta sinia.

Na sinia likikutana na mvua, mnajua wenyewe.

Bi Nasra Semboja alikuwa na jengo la namna hiyo karibu na stendi. Chini maduka, katikati stoo, juu kabisa mafundi cherehani tisa. Januari waliokwa kama mikate. Masika walilowa kama dagaa. Paa lilivuja mahali kumi na saba, na aliyeijua idadi hiyo ni Bi Mwajabu, fundi wa magauni ya harusi, ambaye kwa miaka kumi na moja, kila tone jipya lilipoanza, alipanda juu ya meza akalizungushia duara la chaki kwenye dari. Tena mvua ilipiga bati kwa kelele hata mafundi wakabuni lugha ya mikono. Vidole viwili vikifunguka na kufumba, nipe mkasi. Ukikuna kidevu, nipe uzi. Ukijipiga kwenye paji la uso, mteja huyu ananimaliza.

Mafundi wa paa walikuja. Akaja wa lami. Akapanda, akapaka, akashuka, mvua ikarudi. Akaja wa saruji. Akapanda, akaziba, akashuka, mvua ikarudi. Akaja wa kukaza bati. Akapanda, akagongelea misumari mipya, yaani akatoboa matundu mapya, akashuka. Mvua ikarudi na jamaa zake.

Siku tone la kutu lilipoangukia gauni la bibi harusi wa Jumamosi, mafundi wote tisa walifunika cherehani zao wakasema wanahama. Bi Nasra alipanda ngazi akihema, akavua ufunguo uliokuwa shingoni mwake.

"Wanangu, msinihame. Huu ni wa chumba cha kona, kile cha chini kinachotazama stendi. Wengi wamekililia nikawanyima. Leo naapa mbele yenu: atakayelinyamazisha paa hili, masika yote bila tone, chumba ni chake miaka kumi bila kodi."

"Na wakiwa wawili?" akauliza Bi Mwajabu.

"Chumba kina mlango mmoja," akajibu Bi Nasra.

Habari hiyo ilimkuta Kibibi Mdoe huko Tanga mjini, ndani ya chumba cha baridi cha samaki, amevaa ovaroli na barakoa, anapulizia povu ukutani. Ndiyo kazi yake. Mashine ina mapipa mawili, kila pipa na dawa yake. Dawa hizo zikikutana mdomoni mwa bunduki ya kupulizia hutoka kama mvuke, hugusa ukuta, huumuka kama unga uliotiwa hamira, na kabla hujamaliza kusema bismillahi zimekuwa gamba gumu. Joto halipiti, maji hayapiti. Lakini ukilipulizia kwa mkono wenye papara linakuwa na vilima na mabonde. Kibibi alikuwa na mkono uliotulia. Juu ya kazi yake ungeweza kutandika kitanda.

Ila mashine haikuwa yake. Ilikuwa ya Bwana Mbelwa. Kwa hiyo miaka sita, kila kazi ilipokwisha, watu walisema, "Mbelwa kapuliza vizuri," na Mbelwa, mtu anayeogopa kusimama hata juu ya kigoda, alitikisa kichwa akaipokea sifa kama mtu anayepokea chenji yake. Kibibi wakamwita binti wa Mbelwa. Hakuwa binti yake. Baba yake alikuwa hai, yuko Handeni, ana meno yote. Kibibi alitaka kitu kimoja tu duniani: mlango wa karakana wenye jina lake juu.

"Bosi," alisema akivua barakoa, "povu linalozuia baridi isitoke litashindwa kuzuia mvua isiingie?"

"Paa si ukuta, Kibibi. Na haya mapipa ni ya kazi ya bucha la Muheza. Nikiyapeleka Korogwe, Muheza wananitupa."

"Ukiyapeleka Korogwe, kila mwenye paa la kuficha atakutafuta."

Mbelwa alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akapakia mapipa, mashine na jenereta. Muheza wakamtupa kweli.

Saa mbili asubuhi Kibibi alikuwa juu ya paa, keshafagia, anataka kuanza. Bi Mwajabu akatoa kichwa kwenye kidirisha cha ngazi.

"Mwanangu, usianze. Bati hilo limelala na umande wa mto."

"Shikamoo, mama. Kazi hii naijua, huu mwaka wa sita."

"Marahaba. Ndani ya hivyo vyumba vyenu vya samaki huwa kuna umande?"

Kibibi alitabasamu kwa adabu, akapulizia kona nzima. Ikapendeza. Saa saba mchana ile kona ikatoka malengelenge. Saa tisa akaiinua kwa vidole viwili, ikabanduka yote kama ganda la chapati. Mbelwa, aliyekuwa chini, hakuiona. Bi Mwajabu aliiona, na la kushukuru ni kwamba hakumcheka.

Kesho yake alfajiri alitandaza vipande tisa vya kitambaa cheupe cha pamba juu ya bati. Kila saa alikiinua kimoja akakigusisha shavuni, kama mtu anayempima mtoto homa. Saa tatu, bado. Saa nne, bado. Mbelwa akawa anazunguka jenereta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa tano Bi Mwajabu akasema, "Sasa." Kisha akashuka, akachukua ufito, akagonga dari palipo na kila duara la chaki, na Kibibi huko juu akatia alama: hapa, na hapa, mpaka mahali kumi na saba, ili povu liwe nene zaidi.

Wakaenda hivyo siku tatu, saa tano mpaka saa tisa alasiri. Povu likatanda rangi ya siagi toka ukuta hadi ukuta. Juu yake Kibibi akapaka rangi nyeupe ya mpira, mara mbili, kwa sababu povu likiachwa uchi jua hulila.

Sasa tegeni sikio hapa. Kwenye kona nyingine ya paa kulikuwa na tundu ambalo maji hupitia kwenda kwenye bomba. Kibibi alilisokomeza vitambaa ili povu lisiingie, vitambaa alivyopewa na Bi Mwajabu, mabaki ya lile gauni lililoharibiwa na kutu. Alikusudia kupulizia kandokando yake tu, kisha avitoe. Siku ya mwisho Mbelwa akawa anamwita toka chini: "Kibibi, mafuta ya jenereta yanakata, malizia hiyo kona." Akaita mara moja. Akaita mara mbili. Akaita mara tatu. Kibibi akamalizia kona. Akaimalizia vizuri mno. Povu likafunika vitambaa, rangi ikafunika povu, na tundu likasahaulika kama deni la rafiki.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja Jumatano baada ya adhuhuri. Kule juu mafundi walipoona mbingu imefunga dirishani, mikono ikaanza yenyewe. Bi Mwajabu akafungua na kufumba vidole. Mwenzake akakuna kidevu. Mwingine akajipiga paji la uso, na mteja wake amekaa pale pale. Ikapita robo saa. Kisha Bi Mwajabu akasikia mkasi unakata kitambaa meza ya tatu. Krr, krr, krr.

"Enyi," alisema polepole, "kwani tunaongea kwa mikono kwa nini?"

Wakanyamaza. Nje maji yanamwagika kama yamelipwa. Ndani unasikia sindano.

"Kumbe," akasema fundi mmoja akimwonyesha kidole Nuhu, mwenzao wa meza ya mwisho, "miaka yote hii Nuhu alikuwa anaimba, na anaimba vibaya."

Kicheko kikashuka ngazi mpaka barabarani, na huko barabarani alikuwapo mtu mmoja asiyecheka. Zahoro, muuza kahawa, benchi lake lilikaa chini ya lile bomba. Kila mvua bomba lilimtemea. Siku hiyo alisogeza benchi kama kawaida, akangoja. Bomba kimya. Akalirudisha benchi, akangoja. Kimya.

"Shukuru Mungu," mteja akamwambia.

"Bomba lililonitemea miaka yote haliwezi kuokoka kwa siku moja," Zahoro akasema, akachukua kisu cha kukatia kashata, akapanda ngazi.

Alichokikuta juu ni bwawa. Maji yanamfika magotini, meupe, mazuri kama ya hoteli, na chini ya miguu yake bati linalalamika kwa sauti ya mlango mkongwe. Mafundi tisa na mteja mmoja walikuwa chini ya maji hayo, wanamcheka Nuhu. Zahoro akajitosa, akalitafuta tundu kwa vidole vya miguu, akainama, akakata. Maji yakatoka kwa kishindo, yakapita kwenye bomba, yakachukua benchi, yakachukua birika, yakachukua na vikombe.

Bi Mwajabu akapanda juu ya meza, akapitisha kiganja kwenye maduara yote kumi na saba. Makavu.

Jioni ile ile Bi Nasra akawaita Mbelwa, Kibibi, Bi Mwajabu na Zahoro, akaweka ufunguo juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mbelwa akawa wa kwanza kudai.

"Mashine ni yangu, dawa ni yangu, hasara ni yangu. Muheza wamenitupa. Ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, si wa mkamuaji."

Bi Mwajabu hakuinua macho, alikuwa anapindia ukosi. "Siku ya kwanza ng'ombe alikuwapo, mkamuaji alikuwapo. Kona ikabanduka kama chapati. Siku ya pili ikashika. Kilichoongezeka ni nini, bwana? Ni mimi na shavu langu."

"Mie sikujenga kitu," akasema Zahoro, suruali inadondosha maji. "Mie nimetoboa. Lakini nisingetoboa, mngekuwa mnagombania chumba mkiwa chini ya kifusi."

"Ulipanda kwa ajili ya benchi lako," Mbelwa akamwambia.

"Na wewe ulileta mapipa kwa ajili ya kuionea mvua huruma?"

Mafundi wakacheka. Zahoro akatia mkono mfukoni, akaweka mezani alichokikata: bonge la povu, jeupe juu, na tumboni mwake kimechungulia kipande cha lesi ya gauni la harusi.

"Aliyeziba aseme," akasema Mbelwa.

Kibibi aliitazama ile lesi. Angeweza kusema vitambaa vilikuwa vya nani. Angeweza kusema ni nani aliyemwita mara tatu. Aliviona vyote viwili mdomoni mwake, vimeiva.

"Ni mimi," alisema. "Nilisahau, na ningeweza kuua watu. Naomba radhi."

Hata Nuhu hakuimba.

"Lakini nisikilizeni na mimi," akaendelea, na sauti ikapanda ngazi kidogo kidogo. "Juu ya paa lile hakuna pa kuweka kiganja ambapo mkono wangu haukupita. Miaka sita kazi ikiwa nzuri ni ya Mbelwa. Leo tundu limezibwa, na wote mnanitazama mimi, hakuna aliyemtazama Mbelwa. Sawa, nipeni lawama yote, siigawi. Ila lawama ikiwa ya mtu mmoja, sifa inagawanywa kwa sheria gani?"

"Masika hayajaisha," Mbelwa akasema, lakini kwa sauti ya chini. "Mama alisema masika yote."

"Maji ya masika yote yalilala juu yake mchana mmoja, bosi. Nani kati yenu angethubutu kulijaza paa maji magotini ili alijaribu? Kosa langu ndilo lililolipa paa cheti."

"Cheti chenyewe kimekula birika langu," akasema Zahoro.

Bi Nasra alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha kicheko kikamwisha, akautazama ufunguo, akalitazama bonge la povu, akawatazama wale wanne.

Asiyepuliza alitoa mapipa akakosa kazi ya Muheza. Asiye fundi wa paa alizuia kazi mpaka umande ukaondoka, lakini vitambaa vilivyoziba tundu ni vyake. Asiyejenga alitoboa, na roho kumi zikapona. Aliyejenga ndiye aliyeziba, na aliyeziba ndiye aliyesema kweli.

"Niliapa mbele ya watu," akasema Bi Nasra, "na kiapo changu ni cha mtu mmoja. Nashuka nikanywe kahawa."

"Kahawa imekwenda na maji, mama," Zahoro akamkumbusha.

"Basi nashuka nikaone ilikokwenda. Nikirudi, nataka ufunguo huu uwe mkononi mwa mwenyewe."

Akashuka. Mafundi wakagawanyika meza kwa meza, kila mdai akapata mawakili wake, na mvua ikaanza upya, nao, kwa mazoea, wakaanza kubishana kwa mikono.

Ninyi mliosikia mpaka hapa, msiniambie wagawane. Chumba kina mlango mmoja, na juu ya mlango panaenea jina moja tu. Bi Nasra anapanda ngazi, namsikia anahema. Ufunguo bado uko mezani. Je, ungekuwa wewe, jina ungeandika la nani?