Jina la Mtoto wa Kaspara

Sogeeni karibu, nina kesi iliyonishinda kuamua.

Milimani huko Mbinga waliishi wanawake watatu. Filotea alijua kuotesha ulezi ukatoa kimea kitamu. Jirani yake Ostakia alijua kutunza chachu isife. Rustika, binti wa Filotea, alijaliwa subira.

Kaspara, mke wa kaka yake Rustika, alijifungua mtoto wa kike, kisha asiinuke tena. Homa ikiondoka, kikohozi kinaingia. Kikohozi kikipungua, tumbo linaanza. Maziwa yakakauka. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akasema, "Mwili umeishiwa kinga. Asipokula, dawa peke yake haitamwinua." Kaspara alisikia kila neno, lakini hata kumgeuza mwanawe hakuweza.

Chakula hakikupita. Alichotamani ni togwa tu, uji mwepesi wa kimea uliochachushwa.

Filotea alikuwa na debe moja la ulezi, mbegu ya msimu ujao. Aliuloweka wote, akauotesha, akausaga.

"Mama, mtapanda nini?" Kaspara alinong'ona.

"Wewe kwanza, mwanangu."

Lakini togwa isiyo na chachu ya kuanzia huchelewa, na Kaspara hakuwa na siku za kungoja. Baridi ya mwaka ule ilikuwa imeharibu chachu kila nyumba. Ostakia akavuka milima miwili hadi kwao alikozaliwa, akarudi amekumbatia kibuyu ndani ya kanga kisipoe. Aliingia akichechemea, nyayo zinavuja damu.

Togwa ikaiva. Kaspara akatapika kijiko cha kwanza, na cha pili. Rustika alimfuta, akajaza kingine.

"Wifi, niache tu nife."

"Nitakuacha ukishameza."

Siku nane hakubanduka pale, mpaka homa ikamkamata na yeye.

Siku ya tisa Kaspara aliketi. Baadaye maziwa yakarudi. Muuguzi akatikisa kichwa: "Mwili umeanza kujikinga tena. Ni dawa, ni togwa, ni vyote? Siwezi kuapa."

Sasa, kijijini pale, anayemwinua mzazi kitandani ndiye humpa mtoto jina. Siku ya ubatizo Filotea alitaka jina la binti yake wa kwanza, aliyefariki angali mdogo. Ostakia, ambaye hakujaliwa mtoto, aliomba lake mwenyewe, lisipotee atakapoondoka duniani. Rustika hakuomba kitu. Alikuwa nyumbani, hoi, hajui hata ni siku gani.

Katekista akashika kalamu. "Jina moja tu, mama. Niandike nani?"

Kaspara akamtazama mkwewe, akamtazama Ostakia aliyesimama kwa mguu mmoja, akamkumbuka wifi yake. Akafungua mdomo. Machozi yakamdondokea mtoto usoni, naye akaanza kulia.

Watu wote kanisani wanamngoja. Je, wewe unayenisikiliza, ungekuwa Kaspara, ungemwambia katekista aandike jina la nani?