Patasi Iliyozama Chini ya Mwamba

Wahenga walijua kwamba kilicho chini hakimfuati mtu juu. Anayekitamani kitu cha mvunguni na huku hataki kuukunja mgongo, ataishia kuyatazama mashuka. Fundi Ouyang Kun, mchimba visima vya chumvi wa Sichuan, alijifunza hayo akiwa na miaka hamsini na miwili, tena mbele za watu.

Kwa miaka minne watu wake walikuwa wakiurukia ubao uliokaa kama pembea na kushuka, kutwa nzima, ili patasi nzito iliyoning'inia kwenye kamba ya mianzi inyanyuke na kuupiga mwamba. Shimo lenyewe halikuzidi upana wa bakuli la wali, ila kina chake kilishinda minara sita ya hekalu. Wenye kisima walikwisha kutoa neno: maji ya chumvi yasipoonekana kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi, shimo litafukiwa. Zilibaki siku kumi na nane kamba ilipokatika na patasi ikabaki chini.

Ouyang alitumbukiza kulabu siku nane mfululizo. Zote zilirudi na matope matupu.

"Mwite Deng Xiuzhi," alisema Pu, msimamizi wa ubao. "Mwaka jana alinasua patasi kule kisima cha mtoni."

"Msusi wa vikapu? Pu, una homa wewe? Nimechimba visima kumi na kimoja!"

"Na hiki cha kumi na mbili, fundi, kinakuchimba wewe."

Kulikuwa na sababu nyingine iliyomzuia. Kwenye sikukuu ya mwezi mpevu, kileo kikiwa kimempanda kichwani, Ouyang alitamba mbele ya kijiji kizima: "Siku nikimwinamia yule mama, maji ya chumvi yatapanda yenyewe bila ndoo!" Watu walivunjika mbavu, na Deng alikuwapo.

Hata hivyo, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Asubuhi ya siku ya tisa alimkuta Deng uani, akipasua mianzi.

"Karibu, fundi. Unataka kikapu cha samaki au cha mboga?"

"Dada Deng, usinicheke."

"Nakucheka kidogo tu. Kicheko hiki nimekiweka tangu ule mwezi mpevu, acha nikitoe."

Ouyang alikutanisha mikono, akainama hadi kiunoni. "Nilikukosea, dada. Watu wangu wameupiga mwamba ule miaka minne. Naomba unisaidie."

"Inuka. Huo mgongo bado una kazi."

Kisimani Deng alishusha donge la udongo uliokandwa kwa mafuta. Liliporudi juu lilikuwa na alama ya chuma ubavuni. Patasi ilikuwa imeegemea ukuta, ndiyo maana kulabu zilikuwa zikiipita. Basi akasuka kitu kama mgono wa kunasia samaki, ambao vijiti vyake huruhusu kuingia lakini si kutoka, akakishusha shimoni kwa kamba.

"Sasa lala," alimwambia Ouyang.

"Nilale wapi?"

"Hapo kwenye tope. Ukishika kamba umesimama, haikwambii kitu. Na mikono inayolijua shimo hili ni yako, si yangu."

Mtu mmoja aliguna kwa kicheko, Pu akamkanyaga mguu. Fundi alilala kifudifudi, shavu kwenye tope, kamba vidoleni. Alisikiliza kwa vidole kwa muda mrefu, akizungusha taratibu. Ghafla kamba ikatetemeka, naye akaujua mtetemo ule kama mzazi amjuavyo mwanawe kwa kikohozi.

"Vuteni!" akapaza sauti. "Polepole, jamani, polepole!"

Patasi ikatoka, imenaswa barabara. Jioni hiyohiyo ubao ukaanza kurukiwa tena.

Siku moja kabla ya sikukuu, shimo lilinguruma. Maji meusi yakapanda yenyewe, yakafurika hadi miguuni pa wachimbaji. Pu aliyaonja, akatema, akaanza kucheza. "Chumvi! Chumvi, fundi!"

Deng alifika akipasua umati. "Umeniinamia, nayo maji yamepanda bila ndoo," alisema. "Hukusema uongo hata kidogo."

Ouyang alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akainama kwa mara ya tatu na kuyachota kwa viganja vyake maji aliyoyatafuta miaka minne. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.